Nyongeza haikuingia kwenye mshahara: umwandikie mdosi, uende chama, leba ama kortini?

Ukitamka tu mahali kwamba nyongeza yako ya mshahara haikuingia utapata mawakili wa bure wa kila aina, huyu anakwambia nenda leba (ofisi ya kazi ya serikali), yule anasema leba ni kumaliza nauli tafuta wakili, mwingine anasema tulia chama cha wafanyakazi kitaongea. Ila hakuna anayekuuliza swali la kwanza kabisa, hiyo nyongeza yako imetoka wapi? Hapo ndipo njia zinapoachana, na ukigonga mlango usio wako utazungushwa mwaka mzima halafu uambiwe rudi ulikoanzia. Hapa naongea mambo ya Kenya, na zaidi hii nyongeza ya asilimia 6 ya 2024 kwa sababu ndiyo wengi bado wanaidai.

Nyongeza zenyewe si za aina moja

Kuna ya serikali. Rais Ruto alisimama Leba Dei, 1 Mei 2024, akatangaza asilimia 6 kwa mishahara ya kima cha chini, watu wakapiga makofi wakaenda nyumbani. Sasa tangazo la jukwaani si sheria. Sheria ni ile notisi ya waziri kwenye gazeti rasmi la serikali, na ya safari hii ilikuja na tarehe yake ya kuanza, 1 Novemba 2024. Kwa hivyo anayedai kuanzia Mei 2024 anadai miezi sita ambayo haipo, na HR, wale wa ofisi ya wafanyakazi, wakiona hiyo hesabu tu watakudharau na yale mengine ya haki. Ile ya 2022 ilikuwa tofauti, ilikuwa asilimia 12, ikachapishwa baadaye lakini ikarudishwa nyuma mpaka 1 Mei 2022, ndiyo maana watu wanachanganya hizi mbili. Tarehe usikisie, isome kwenye notisi yenyewe.

Na kuna hili ambalo watu hawapendi kuambiwa, ile asilimia 6 haikupandisha mshahara wa kila mtu, ilipandisha kima cha chini. Wewe msafishaji hapa Mombasa uliyekuwa kwenye 15,201.65 ilikuwa lazima upelekwe 16,113.75, hapo huna haja ya kumbembeleza mtu. Lakini mwenzako wa kazi hiyohiyo aliyekuwa analipwa msingi wa 20,000 tangu zamani akiachwa palepale, mwajiri hajavunja hiyo notisi, yuko juu ya kiwango tayari. Huyo kama anadai lazima awe na karatasi nyingine.

Hiyo 16,113.75 ni ya Nairobi, Mombasa na miji mikubwa, kwa lile kundi la vibarua wa jumla, wasafishaji, watunza bustani, yaya, wafanyakazi wa nyumbani. Ukitoka kabisa nje ya miji na manispaa kundi hilohilo linashuka mpaka kama 8,596. Dereva, karani, fundi, kila mtu ana mstari wake, na watu wa mashambani wana amri yao peke yao.

Aina ya pili ni nyongeza ya mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ile CBA. Ya tatu ni ya kwako binafsi, barua ya kupandishwa cheo au ya nyongeza ya mwaka, au imeli ya bosi inayosema kuanzia mwezi fulani utapata kiasi fulani. Kuna na ya nne, ya mdomo, "mambo yakikaa sawa tutakuangalia." Hiyo sina la kukwambia, pole.

Hesabu kwanza, kelele baadaye

Nimeona slipu moja ya mshahara ya msafishaji wa kampuni inayosafisha maofisi, ya Februari 2025. Mstari wa juu 15,201.65, chini yake marupurupu ya nyumba 2,280.25, halafu makato. Imepangwa vizuri mpaka senti, sema ni viwango vya zamani vitupu. Angetakiwa kupata 16,113.75 na nyumba 2,417.06, maana nyumba ni asilimia 15 ya ile ya msingi, msingi ukipanda na nyumba inapanda, na hapa wengi wanajipunja wenyewe wanadai tofauti ya msingi peke yake. Tofauti ya msingi ni 912.10, ya nyumba 136.81, jumla 1,048.91 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 12,586.92. Si pesa ya kununua ploti lakini ni pesa ya karo, na kama mko wafanyakazi arobaini mdosi, yaani mwajiri wenu, amekalia zaidi ya nusu milioni yenu (ukiona HR anasema "ni pesa kidogo tu jamani" mkumbushe hiyo).

Kampuni nyingine hazitenganishi, zinaandika mshahara mmoja wa jumla. Kama mkataba unasema wazi kwamba nyumba imo ndani, usilinganishe na 16,113.75, linganisha na 18,530.81. Kama mkataba hausemi kitu na wao wanadai nyumba imo, waache wao wathibitishe, hiyo ni kazi yao.

Na usitegemee kupokea zile 12,586 zote mkononi. NSSF ya uzeeni asilimia 6, SHA ya matibabu 2.75, ushuru wa nyumba 1.5, hizo zinakata na kwenye malimbikizo. Ukilipwa yote kwa mkupuo mwezi mmoja unaweza pia kuruka kile kiwango ambacho PAYE, ile kodi ya mapato ya mshahara, inaanzia, ikakugusa mwezi huo hata kama hujawahi kulipa PAYE maishani, sasa usianze kusema umeibiwa, omba wakuandikie hesabu uione.

Mlango wa mdosi

Faida yake inajulikana, ni bure, ni haraka, na unabaki na kazi yako bila vita. Na kusema kweli mara nyingine ni uzembe tu, mtu wa mishahara hakubadilisha mfumo, akionyeshwa anarekebisha mwezi unaofuata na malimbikizo anayaweka. Kwa nyongeza ya barua yako binafsi huu ndio mlango wa kuanzia siku zote, kwa sababu karatasi iko ndani ya ofisi yao na sahihi ni yao.

Udhaifu wake ni kwamba hakuna kinachomlazimisha. Utaambiwa "tunaliangalia", mwezi ukiisha "mkurugenzi yuko safari", na baadaye utasikia ile ya kuchosha kabisa, "bwana hiyo ni nyongeza ya serikali, sisi ni kampuni ya binafsi." Jibu lake ni jepesi. Sheria ya taasisi za kazi ya 2007 inasema viwango vya amri ya mishahara vinakuwa sehemu ya mkataba wako na hamuwezi kukubaliana chini yake, hata kama ulitia sahihi mkataba wa pesa kidogo kwa hiari yako ukiwa unacheka. Hiyo sahihi haimsaidii mwajiri.

Sharti langu kwenye mlango huu ni moja, iwe kwa maandishi. Kuongea koridoni hakuhesabiki. Haihitaji Kiswahili cha bungeni wala Kingereza cha wakili, kitu kama hiki kinatosha:

"Kwa meneja. Mimi ni mfanyakazi wa usafi tangu 2021. Kuanzia 1 Novemba 2024 kima cha chini cha kazi yangu Mombasa ni 16,113.75 na nyumba asilimia 15. Slipu zangu za Novemba 2024 mpaka Oktoba 2025 zinaonyesha 15,201.65 na nyumba 2,280.25. Tofauti ni 1,048.91 kila mwezi, jumla 12,586.92. Naomba mshahara urekebishwe na malimbikizo yalipwe katika siku 14. Nimeambatanisha nakala za slipu."

Tarehe, sahihi, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume kwa imeli au WhatsApp ya meneja, upige skrinshoti zile tiki mbili. Umwagaji wa matusi kwenye grupu la kazi haufai, nasema hivyo kwa sababu nimeona kesi nzuri ikigeuka kuwa ya nidhamu kwa ajili ya meseji ya saa sita usiku.

Mlango wa chama

Kama nyongeza yako ni ya CBA, usipoteze muda kwingine, huu ndio mlango. CBA ikishasajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakuwa na nguvu ya kisheria, na inahesabiwa kuanzia tarehe waliyokubaliana pande mbili wala si siku ya kusajiliwa, ndiyo maana wafanyakazi wa hoteli huku pwani wanaweza kusikia CBA imetiwa sahihi mwisho wa mwaka na malimbikizo yanarudi miezi kadhaa nyuma. Mtu mmoja akienda peke yake kudai CBA ataonekana mkorofi, chama kikienda kinadai kwa wote, na kisipolipwa kinaripoti mgogoro kwa waziri wa kazi, anateuliwa msuluhishi, anakaa nao siku 30, wakishindwana ndiyo korti. Wakili wa kesi ni wa chama, mfuko wako unabaki salama isipokuwa ile ada wanayokata kila mwezi.

Ila chama kina mambo yake. Mwakilishi wenu kazini akiwa amewekwa mfukoni na meneja, barua yako italala kwenye droo mpaka uchaguzi wa chama. Na chama kinatembea kwa mwendo wa kundi, deni lako binafsi linaweza kuingizwa kwenye mazungumzo makubwa likauzwa kwa kitu kingine. Hata wakiwa na nguvu pesa inaweza kuchelewa vibaya, madaktari wa KMPDU, chama chao cha wafanyakazi, walikuwa na mkataba wa 2017, na kwenye ule mgomo wa siku 56 wa 2024 bado malimbikizo ya mkataba huohuo yalikuwa mezani. Sisemi chama hakifai. Nasema usiache karatasi zako zote kwao, baki na nakala.

Kama kazini kwenu hakuna chama na unadai ile ya gazeti la serikali, mlango huu uruke tu.

Mlango wa leba

Huyu ni afisa wa kazi wa kaunti. Bure, huhitaji wakili, huhitaji Kingereza, unaenda na slipu zako na kitambulisho unaeleza, anaandika, anamwita mwajiri kwa barua. Kwa ile nyongeza ya kima cha chini mimi naona hapa ndipo penye uzito kuliko bei yake, kwa sababu afisa ana viwango vyote mezani, hakuna ubishi wa tafsiri, anakokotoa mbele yenu wote wawili na mwajiri anaona namba. Kumlipa mtu chini ya kiwango ni kosa la jinai pia, si deni tu, na afisa anaweza kupeleka mwajiri kortini kwa hilo, na hakimu akimtia hatiani anaweza kuamuru tofauti ilipwe. Waajiri wadogo, mwenye duka, mwenye nyumba, mwenye saluni, wengi wao wakipata tu barua yenye nembo ya serikali wanalipa au wanaomba kulipa kwa awamu.

Dada wa kazi za nyumbani kwa mfano, hana HR, hana chama cha kumfikia kule jikoni, na kumwambia mama mwenye nyumba ana kwa ana ni mtihani. Leba ndiyo njia ya huyu. Slipu hana, sawa, ana meseji za M-Pesa za kila mwezi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuweka rekodi za mkataba na malipo, akishindwa kuleta mkataba ulioandikwa mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye.

Sasa udhaifu. Maafisa ni wachache na mafaili ni mengi, utaenda utaambiwa rudi Alhamisi. Kampuni kubwa yenye mawakili haitishwi na barua, inaweza kukosa kikao mara mbili na maisha yakaendelea. Na mkikubaliana pale halafu mwajiri asilipe, hayo makubaliano hayana meno ya hukumu, bado korti inakungoja. Kwa deni la barua binafsi yenye ubishi, mathalani bosi anasema ile imeli ilikuwa pendekezo tu, leba watajaribu kuwapatanisha ila hawawezi kuamua nani mkweli kama hakimu.

Mlango wa korti

Kama mshahara wako hauzidi 80,000 kwa mwezi unaweza kwenda kwa hakimu aliyepewa mamlaka ya kesi za kazi, ukizidi hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi yenyewe, iko Mombasa, Nairobi, Kisumu na miji mingine kadhaa. Unaruhusiwa kujisimamia. Nguvu ya huku haina mfano kwenye zile njia nyingine, hukumu ikitoka na mwajiri akikaa kimya unaweza kukamata mali yake, na mahakama inaweza kuongeza riba na gharama.

Lakini pima. Kwa 12,586 peke yake, wakili atakula yote na wewe utabaki na hukumu ya kuweka kwenye fremu. Korti inaanza kuleta maana ukiwa na mrundikano, tuseme hata ile ya 2022 hukupewa, ulibaki kwenye 13,572.90. Hapo tofauti ya msingi ni 1,628.75 kwa mwezi kuanzia Mei 2022, halafu kuanzia Novemba 2024 inakuwa 2,540.85, ongeza nyumba, ongeza likizo na ovataimu kama hukulipwa, hapo kuna kesi. Au mko wengi mnaungana. Au umeshaacha kazi na huogopi tena uso wa mtu. Wakili akikwambia atachukua asilimia fulani ukishinda, jua sheria ya mawakili haikubali mpango huo, kubalianeni ada kwa maandishi. Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wanasaidia wasio na uwezo, waulize kabla hujauza mbuzi.

Saa inayokimbia

Hii ndiyo sababu siwezi kumwambia mtu "anza kwa mdosi" halafu nikanyamaza. Madai ya mkataba wa kazi yana miaka mitatu. Kama ni dhara linaloendelea, ni miezi 12 tangu lilipokoma, na kama mshahara pungufu wa kila mwezi unahesabiwa hivyo au la mawakili wamebishana sana kortini, kwa hivyo usijenge nyumba yako juu ya ubishi wao, chukulia kila mwezi una miaka mitatu yake tangu ulipotakiwa kulipwa. Ukienda leo ukiwa na deni la tangu Mei 2022, ile miezi ya nyuma kabisa inaweza kuwa imeshakufa.

Na kuandikiana barua hakusimamishi saa. Mazungumzo na HR hayasimamishi, kurudi leba kila Alhamisi hakusimamishi, chama kuahidi hakusimamishi. Kuna watu wamezungushwa kwa heshima kabisa, chai wanapewa, mpaka miaka mitatu ikaisha, na siku ya korti mwajiri hakubishia hata hesabu, alisema tu muda umepita. Ndiyo maana napenda siku 14 kwa mdosi, kisha leba, na ukiona leba imekaa miezi sita bila kikao cha maana na deni lako ni kubwa, anza kutafuta korti huku faili ya leba ikiendelea.

Kuhusu kufukuzwa, sheria ya ajira inasema kulalamika au kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kukuachisha, na ukiachishwa bila haki unaweza kupewa fidia ya mpaka mshahara wa miezi 12. Hiyo ni sheria. Mtaani wanakutafutia kosa lingine, umechelewa dakika tano, ufagio umepotea. Kwa hivyo mkidai wengi kwa pamoja ni salama zaidi kuliko mmoja, na kama uko peke yako na kazi unaihitaji, toa slipu nakala upeleke nyumbani kabla ya barua ya kwanza, si baada.

Mimi ningechagua hivi. Kima cha chini na bado uko kazini, mdosi kwa maandishi halafu leba, haraka. CBA, chama, ila wewe mwenyewe uihesabu ile miaka mitatu. Barua yako binafsi, mdosi, na akikana ruka leba uende kwa hakimu kama pesa inatosha kulipia usumbufu. Umeacha kazi na una mrundikano wa miaka, korti moja kwa moja, usipange foleni ya barua.

Njia yoyote utakayopita, siku pesa ikipatikana utaletewa karatasi ya kutia sahihi, na mara nyingi imeandikwa kwa Kingereza kwamba umelipwa kila kitu na huna dai lingine lolote. Mahakama zimekuwa zikiiheshimu sahihi kama hiyo ikitolewa kwa hiari. Mwombe mtu akusomee, na kama bado unadai likizo au ovataimu, kabla ya kusaini andika kwa kalamu juu ya jina lako: "Nimepokea malimbikizo ya nyongeza ya Novemba 2024 mpaka Oktoba 2025 peke yake."